Kipande changu cha kwanza Appalachian Trail, Springer hadi Neel Gap: shanta lina kilo 19, nisaidieni

Tumbili_wa_Bondeni

Wakuu habari za jioni. Nipo Atlanta kimasomo, mwaka wa pili huu naisikia tu hiyo Appalachian Trail, ile njia ndefu ya kutembea kwa miguu milimani, sasa nimeamua. Siyo yote jamani. Zile kilomita 3,500 kutoka Georgia mpaka Maine nawaachia wenye miezi sita ya kuchezea. Nataka kipande tu: Springer Mountain hadi Neel Gap, kama kilomita 50, wiki ya pili ya mwezi wa nne. Nakwenda na mdogo wangu wa kiume, siku tatu, tunalala njiani mara mbili.

Tatizo ni shanta. Jana nimelipanga lote nikapanda nalo kwenye mizani: kilo 19. Mimi mwenyewe nina 61. Nimelivaa pale sebuleni, nikainama kufunga kamba za viatu, nikashindwa kuinuka mpaka mdogo wangu akanivuta mkono. Anacheka mpaka sasa hivi.

Ndani kuna hema la watu wawili, mfuko wa kulalia, suruali mbili za jinzi, sweta la pamba, jiko la gesi na mitungi miwili, sufuria mbili, kishoka kidogo, tochi mbili, maji lita 4, chakula cha siku tano (tukichelewa je?), taulo la kuogea, kitabu na deodoranti. Buti nimenunua mpya, bado zipo kwenye boksi nisije nikazichakaza kabla ya safari.

Nitoe nini? Siku tatu zinatosha? Na dubu je? Mdogo wangu anasema ni stori za kutishia wageni.

Mzee_wa_Shanta

Karibu binti. Tuanze na miguu, shanta litasubiri. Hizo buti zitoe kwenye boksi leo, uzivae kwenda darasani, sokoni, kila mahali. Buti ikichakaa kabla ya safari ndiyo imekuwa yako. Kisha jioni moja, ukiwa umeshinda umesimama, zijaribu tena na soksi zilezile utakazovaa njiani, maana mguu huvimba ukitembea kutwa. Vidole vikigusa mbele, rudisha uchukue kubwa kidogo. Kushuka Blood Mountain, mlima wa mwisho kabla ya Neel Gap, na buti inayobana ni kupoteza kucha za vidole gumba, mimi nilipoteza zote mbili. Kata kucha siku mbili kabla.

Ukihisi joto sehemu moja ya kisigino, simama hapohapo. Usiseme "nitafika kwanza". Vua, kausha, bandika plasta. Lengelenge likishajaa maji umechelewa.

Sasa shanta. Wengi tunakwenda na moja ya tano ya uzito wa mwili, kwako ni kama kilo 12. Maji pekee yako kilo 4! Njia ile ina vijito vingi mwezi wa nne. Beba lita moja na nusu na chujio. Kitu cha kukumbuka ni kwamba juu ya Blood Mountain hakuna maji, jaza kabla ya kupanda.

Kijana_wa_Zamani

Kishoka cha nini dada, unakwenda kufyeka shamba?

Chura_wa_Mvua

Jinzi na sweta la pamba toa leo, usiku usiingie navyo. Pamba ikilowa haikaushwi na mwili, inaunyonya joto. Nguo ya kutembelea iwe moja ya sintetiki, nyingine kavu ya kulalia tu, basi. Ya kulalia usiivae kutembea hata kama asubuhi ile ya mvua unatamani kulia. Ukiilowesha, usiku wa pili huna pa kukimbilia.

Nakwambia hivi kwa sababu yalinikuta. Safari yangu ya kwanza nilifunika shanta kwa kile kifuniko chake cha nje nikaona nimemaliza. Mvua ya saa nne. Maji yalipita mgongoni, pale kifuniko kisipofika, yakaenda yakatulia chini kabisa alikokuwa amelala mfuko wangu wa kulalia wa manyoya ya bata. Jioni nimeuvuta unatoka kama kuku aliyenyeshewa, mabonge mabonge, hauna hata joto la kufunika paka. Nilikaa macho nikisikiliza wenzangu wakikoroma. Tangu siku ile natandika mfuko mkubwa wa takataka NDANI ya shanta, kila kitu kinaingia humo, nausokota mdomo. Hauna gramu mia.

Halafu usidanganywe na hali ya hewa ya Atlanta. Ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6 hivi, na mwezi wa nne huko juu barafu ya usiku ipo. Chujio la maji lile la nyuzinyuzi likiganda linapasuka ndani na kwa nje halionyeshi chochote. Lala nalo ndani ya mfuko wa kulalia.

Hatua_Kwa_Hatua

Mimi naona wote mmeruka swali la siku. Kuna kanuni ya kukadiria muda wa kutembea milimani, ya mzee mmoja wa Scotland, Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua siku ya kilomita 17 yenye kupanda jumla mita 900: inakuja karibu saa tano. Lakini hiyo ni ya mtu mkakamavu asiyesimama. Mwenye shanta, mara ya kwanza, anayevua buti kuangalia kisigino kama mzee alivyosema, zidisha mara mbili. Umemaliza mwanga wote.

Na siku ya kwanza siyo siku nzima. Gari linafika barabara ya msituni, Forest Road 42, na kilele cha Springer kiko nyuma yako, kilomita moja na nusu upande wa kusini. Yaani unaanza kwa kurudi nyuma, unakigusa, halafu unapita tena palepale ulipoacha gari. (Kuna njia nyingine ya kupandia kutoka Amicalola Falls, kilomita 14 na ngazi 604 pale kwenye maporomoko. Iache.)

Ushauri wangu: mwisho wenu uwe Woody Gap, kama kilomita 33. Pana barabara ya lami, gari linawachukua. Blood Mountain mtakuja kuipanda safari nyingine mkianzia hapohapo Woody Gap. Ndiyo raha ya kwenda kwa vipande, hakuna anayekuhesabia.

Simba_wa_Ridge

Acheni kumtisha mtoto wa watu. Mimi nimetoka Springer mpaka Neel Gap siku mbili na nusu, na kule Neel Gap njia inapita katikati ya jengo lenye duka, nilikuta mti umening'inizwa buti chakavu kibao. Akiishia Woody Gap atayakosa hayo yote.

Mzee_wa_Shanta

Zile buti mtini zilining'inizwa na akina nani, mkuu? Wengine ni waliokwenda siku mbili na nusu, wakaishia hapo.

Simba_wa_Ridge

Haya mzee, hiyo nimekubali 😂

Bibi_Porini

Mwanangu, nijibu la dubu maana limerukwa. Wapo, ni dubu weusi, na wanachotafuta ni chakula chako. Dawa ya meno, hiyo deodoranti (iache nyumbani), makaratasi ya biskuti, vyote ni chakula kwa pua yake. Usiku hakuna chenye harufu kinachobaki hemani. Vibanda vya kulala njiani, vingi upande wa Georgia, vina waya wa kupandishia mifuko juu. Tumia huo, au beba kopo gumu la dubu, lile la kuwekea chakula asiloweza kulifungua. Kati ya Jarrard Gap na Neel Gap kuna kanuni ya kopo hilo kwa wanaolala huko msimu wa kuchipua, kwa hiyo mkiamua kufika Neel Gap ulizieni kwanza kwa watu wa msitu. Mkiishia Woody Gap hamfiki huko, lakini chakula kinahifadhiwa vilevile.

Vibanda vina kuta tatu na panya. Mwezi wa nne ndio msimu wa wanaokwenda mpaka Maine, vinajaa mapema, hivyo hema usilitoe hata mtu akushauri. Na kwa wingi ule wa watu, virusi vya kutapisha na kuharisha hupita kambini. Jeli ya mikono haiviui vizuri. Nawa kwa sabuni, mbali na kijito. Choo kisipokuwepo, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, hatua kama 80 kutoka kwenye maji.

Mlio wa majani usiku utausikia mkubwa kama lori. Mara nyingi ni panya.

Tumbili_wa_Bondeni

Mrejesho wakuu. Jumamosi tumetembea kilomita 9 na mashanta kamili, tukalala hemani uani kwa rafiki. Shanta sasa kilo 12.8 pamoja na maji. Jinzi, taulo, kitabu, mtungi mmoja, sufuria moja, tochi moja na chakula cha siku ya tano vinabaki nyumbani. Chakula cha siku ya nne nimekibakiza, hapo msinibishie.

Kisigino cha kulia kilipata joto kwenye kilomita ya sita. Nikasimama, mdogo wangu akanuna, nikabandika plasta. Hakikutoka kitu. Yeye hakusimama, leo anatembea kwa kandambili.

Tunaishia Woody Gap. Kishoka nilikitoa kwa mkono wangu nikakiweka kabatini, lakini jana usiku nimefungua kabati hakipo, na shanta la mdogo wangu limeongezeka gramu 700 ambazo anasema ni soksi.