Mlima gani wa kutazama jua likichomoza, ukiacha Kilimanjaro?

Nesi_wa_Mwanza

Habari zenu wadau. Mimi na mume wangu tunatafuta mlima wa kupanda mwezi wa nane kwa ajili ya jambo moja tu: kukaa juu alfajiri na kuliona jua likitoka. Kazi yangu ni ya zamu. Usiku mwingi naumalizia wodini, na nikitoka nje jua limeshapanda, nalikuta niko kwenye daladala. Safari hii nataka nilingoje.

Kilimanjaro tumeiweka pembeni kwa sababu ya siku na gharama. Tumetajiwa Meru, Oldonyo Lengai na Mlima Kenya. Mume wangu ana goti la kushoto linalomsumbua akiteremka. Kupanda hana shida. Mimi pumzi ninayo ila milima mirefu siijui kabisa. Je, ni lazima tufike kileleni ndipo tulione vizuri? Tuondoke saa ngapi? Na kama kuna aliyefanya hivi nchi za nje naomba naye aseme, maana ipo siku tutatoka, Mungu akipenda.

Mzee_wa_Momella

Mwanangu, karibu sana Meru. Mlima huu nimewaongoza wageni tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na kabla ya hapo nilikuwa mgumu, nabeba mizigo ya watu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu umeuliza kitu ninachotamani kila mgeni angeuliza. Wengi huuliza kilele kina mita ngapi. Wewe umeuliza jua.

Nendeni Meru, katikati ya Agosti, na kilele msikihangaikie. Laleni kibanda cha Saddle, jua mkalingojee Rhino Point, juu yake kidogo kwenye njia ya kileleni.

Sasa nikueleze kwa nini. Kilele cha Meru kiko mita 4,562, lakini uzuri wa mlima huu hauko kwenye hizo mita. Zamani za kale ubavu wake wa mashariki ulimeguka wote ukaporomoka. Vilima vidogo utakavyoviona kule kwenye maziwa ya Momella ni mabaki ya maporomoko yale. Kilichobaki ni kreta iliyo wazi upande mmoja, na upande huo ndio unaotazamana na Kilimanjaro, kilomita 70 hivi kutoka hapo. Kwa hiyo asubuhi mwanga unaingia kreta moja kwa moja, hakuna ukingo wa kuuzuia, na unakwenda kugonga ukuta wa mwamba wenye kimo cha zaidi ya kilomita moja. Milima mingi inakupa jua. Meru inakupa jua, na ukuta wa kulipokea, na Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, katikati.

Mwezi nao una maana yake. Jua halitokei mahali pamoja mwaka mzima. Desemba na Januari linachomoza mbali kulia kwa Kilimanjaro, upande wa kusini. Juni linakwenda kushoto, kaskazini ya mlima. Katikati ya Agosti linatokea Kibo kwenyewe, na siku zinavyosogea kuelekea mwisho wa mwezi linahamia upande wa Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro. Mwezi wa nne mwishoni nao jua hupita hapohapo, ila huo ni wakati wa masika, unaweza kulala Saddle na usione hata kidole chako. Ndiyo maana nasema Agosti, tena siku za katikati.

Ratiba ni hii. Siku ya kwanza mnatoka geti la Momella mkiwa na askari mwenye bunduki, maana nyati ni wengi, mnalala Miriakamba, mita 2,514. Siku ya pili mnapanda Saddle, mita 3,570, mnafika mchana. Kama kichwa hakiumi, jioni pandeni taratibu Little Meru, mita 3,820, kisha mrudi kulala. Mwili unaonja hewa nyepesi halafu unashuka kupumzika chini, na hilo linasaidia sana usiku. Anayeumwa kichwa na kutapika asipande hatua moja zaidi. Huyo dawa yake ni kushuka, na wewe kwa kazi yako unanielewa.

Wanaokwenda kileleni huamka saa sita usiku na kuondoka saa saba. Nyinyi laleni. Tokeni saa kumi alfajiri. Mpaka Rhino Point ni mwendo wa saa moja, mkienda polepole saa moja na robo. Anga linaanza kupauka saa kumi na moja na nusu, na Agosti jua lenyewe hutoka kwenye saa kumi na mbili na nusu, zidisha dakika chache kwa sababu ya Kilimanjaro kuziba. (Novemba huwahi karibu nusu saa.) Huku kwetu karibu na ikweta jua linapanda wima, halina kubembeleza. Rangi zinakuja na kuondoka upesi, na aliyechelewa dakika ishirini amekosa karibu kila kitu. Mwanga mzuri kuliko wote ni ule wa kabla jua halijatokea, wakati Kibo ni mweusi tii na nyuma yake kumekuwa chungwa, na mawingu chini bado ya buluu.

Kisha geuka kulia kwako utazame ukuta. Hapa nakuomba umtoe mumeo kwenye simu. Kilele cha Meru ndicho kinachoshikwa kwanza, nyinyi mkiwa bado kwenye kivuli. Mstari wa mwanga unashuka ukutani taratibu, unauona kabisa unatembea, na mwamba uliokuwa mweusi unapata rangi ya tofali la kuchoma, ufa kwa ufa, mpaka mwanga uwafikie nyinyi. Chini kreta bado giza, na kile kilima cha majivu katikati kinaanza kutokeza kivuli chake. Nimesimama pale na watu wa mataifa mengi na sijamwona aliyeendelea kuongea.

Baridi: nusu saa ya mwisho kabla ya jua ndiyo kali kuliko usiku mzima, na nyinyi mtakuwa mmekaa, si mnatembea. Mkifika tu, kila mtu avue fulana ya ndani yenye jasho avae kavu. Mzula, glovu nzito, kitu cha kukalia ili jiwe lisinyonye joto, na chupa ya chai ya tangawizi. Simu iwe ndani kabisa karibu na mwili, la sivyo chaji itakwisha kabla hamjapiga picha.

Jambo la mwisho, mwambieni mwongoza watalii wenu na askari jioni ile, kabla ya kulala, kwamba nyinyi mwisho wenu ni Rhino Point. Kikundi kikigawanyika gizani bila kupangwa, mmoja wenu atajikuta anavutwa juu ambako hakutaka kwenda.

Kijana_wa_Nanyuki

Mzee amesema vizuri, lakini dada usiusahau Mlima Kenya. Njia ya Sirimon, unalala Old Moses, halafu Shipton's, na usiku wa mwisho unatoka saa tisa kwenda Point Lenana, mita 4,985. Batian na Nelion, vilele viwili virefu kuliko vyote vya mlima huu, ziko upande wa magharibi yako, kwa hivyo jua likitoka mgongoni kwako zile kuta mbili zinawaka mbele ya macho. Hiyo picha sijaiona mahali pengine. Ila nikisema ukweli, kwa mtu mwenye goti bovu, kushuka kutoka Lenana kwenye kokoto ni shida. Na hapa huwezi kusimama nusu ya njia ukaona kila kitu. Lenana ni lazima ufike juu. Kama mnataka hii, ongezeni siku moja ya kuzoea hewa.

Bint_Unguja_Maskati

Assalaam aleikum dada yangu. Mie nakaa Maskati, na nje nilikokwenda ni Sri Lanka, mlima wa Sri Pada, mita 2,243. Nilimpeleka mama, mtu mzima, na alifika. Njia nzima ni ngazi, zaidi ya elfu tano, na katika msimu wa mahujaji zina taa usiku kucha na vibanda vya chai kila ukigeuka. Juu kuna alama ya unyayo juu ya mwamba: Wabudha wanasema wa Buddha, Wahindu wanasema wa Shiva, Waislamu na Wakristo wanasema wa Nabii Adam. Ndiyo maana utakuta kila umma pale. Ibn Battuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na mlima huu aliupanda baadaye akausimulia.

Nilichokipenda mimi ni baada ya jua kutoka. Watu wote waliojazana ukuta wa mashariki wanakimbilia upande wa magharibi, kwa sababu kivuli cha mlima kinalala juu ya ukungu, pembetatu iliyonyooka kabisa. Kinafika mbali sana, halafu kinarudi nyuma kidogokidogo kadri jua linavyopanda. Mama alikaa chini akakitazama mpaka kikaisha, mie nimemshikia viatu.

Lakini si Agosti. Msimu ni kuanzia Desemba mpaka Mei. Nje ya hapo ni mvua na mawingu, na vibanda vingi vimefungwa. Na magoti, dada: ngazi elfu tano za kushuka si mchezo. Mama alitumia fimbo mbili na tulishuka tukipumzika kila tulipopata pa kukaa.

Mwanafunzi_Nagoya

Kwa Japani, Agosti ndio msimu wenyewe wa Fuji, mita 3,776. Sheria zimebadilika: tangu 2024 njia ya Yoshida ina ukomo wa watu 4,000 kwa siku, na geti linafungwa mchana kwa asiye na nafasi ya kulala kwenye vibanda vya mlimani. Hivyo huwezi tena kuanza usiku na kupanda moja kwa moja. Kalale kituo cha nane. Na nakubaliana na mzee, foleni ya kwenda kileleni alfajiri ni ndefu mno, watu wengi jua huwakuta wamesimama kwenye mstari wakitazama mgongo wa mtu. Upande wa Yoshida unatazama mashariki, mbele ya kibanda chako tu unaliona lote. Wenye uzoefu wa huku ndivyo wanavyofanya.

Nesi_wa_Mwanza

Asanteni nyote, nimefarijika. Mzee wangu, shikamoo. Nimemsomea mume wangu jibu lako mara mbili na amekubali Meru. Ila rafiki yake anamsisitizia Lengai, anasema ni usiku mmoja tu, mnapanda na kushuka, na ni mfupi kuliko Meru. Unaonaje kwa hilo goti? Na kwenye Meru, kushuka kutamtesa?

Mzee_wa_Momella

Marahaba mwanangu. Msalimie mumeo.

Lengai naupenda na nauheshimu, ni mlima mtakatifu wa Wamasai, na alfajiri yake ina uzuri wake: Ziwa Natron chini, na ukuta wa Bonde la Ufa unashika mwanga upande wa magharibi. Lakini ufupi wake usiwadanganye. Haufiki mita 3,000, ila njia imesimama mno, karibu yote ni majivu na kokoto zinazokimbia chini ya mguu, na maji hakuna hata tone. Mnapanda usiku kucha bila kulala, halafu jua likishatoka ndipo mateso ya goti yanapoanza, tena kwenye joto la Natron. Mtu mwenye goti kama hilo mimi simpeleki. Rafiki yake aende, awaletee picha.

Meru kutamchosha, ila kunawezekana. Kutoka Rhino Point kurudi Saddle ni mteremko mfupi, fanyeni mwanga ukiwa umeshatulia ili aone pa kukanyaga. Saddle hadi Miriakamba kuna ngazi nyingi za mbao na magogo, hizo ndizo za kuogopa. Fimbo mbili, azirefushe kidogo wakati wa kushuka, na atue ngazi moja moja akianza kuteremsha mguu wa kushoto, ili uzito ubebwe na goti zima lililobaki juu. Begi lake ampe mgumu, asione haya. Halafu msikubali ratiba ya kushuka mpaka getini siku hiyohiyo. Laleni Miriakamba usiku wa tatu, mtoke kesho yake asubuhi kwa njia ya bondeni ambako twiga na nyati huwa wanalisha karibu na geti. Siku moja zaidi ya kulipia, lakini kwa kitambulisho cha Mtanzania mnalipa viingilio kwa shilingi, si kwa bei ya mgeni, na goti litawashukuru.

Mkishapata tarehe niandikie hapa. Nikuangalie na mwezi pia, kwa sababu mkikuta mbalamwezi ya saa kumi alfajiri hata tochi za kichwani mtazizima.