Doriani, fenesi, shokishoki au stafeli: nianze na lipi?

MtotoWaSingida
Wakuu, habari za jioni. Wiki ijayo nampeleka mama Unguja, mara yake ya kwanza kuvuka maji na yangu pia. Mama kalima vitunguu maisha yake yote, bahari anaiona kwenye kalenda. Tuna siku tatu tu. Matunda ya kwetu ni embe, papai, ubuyu, na zabibu tukifika Dodoma. Haya ya visiwani tunayajua kwa picha.

Nimeorodhesha manne: doriani, fenesi, shokishoki, stafeli. Fenesi nimewahi kuliona Dar likikatwa kando ya barabara lakini sikuonja, nzi walikuwa wengi kuliko wateja. Matumbo yetu hayajazoea na mama ana kisukari, kwa hiyo hatuwezi kubugia yote. Nilinganishieni ladha, harufu, usumbufu wa kumenya, na lipi naweza kulibeba hadi Singida bila abiria wenzangu kunishusha njiani. Na hili la doriani kunuka ni kweli au watu wanakuza mambo? Naomba kuwasilisha.

YakheWaMlandege
Hawakuzi.

FundiFriji
Mkuu, mimi natengeneza mafriji hapa Mjini. Mwaka juzi naitwa nyumba moja, mwenye nyumba kasimama mlangoni kashika pua na upande wa kanga: "Fundi, gesi inavuja, watoto nimewatoa nje." Nikapima mirija, nikapima tena, gesi imejaa. Nikavuta droo ya chini ya mboga. Nusu doriani, limezongwa mifuko mitatu na kufungwa mpira. Maziwa yananuka doriani, siagi inanuka doriani, mpaka barafu. Nikachukua nauli yangu na kipande kimoja, nikaondoka.

Na msimcheke yule mama. Aprili 2018 chuo cha RMIT kule Melbourne waliwatoa watu zaidi ya 500 maktabani, zimamoto wakaingia na vifaa usoni kutafuta gesi. Walichokuta ni doriani limeoza kabatini.

Bibi_wa_Wete
Mwanangu wa Singida, karibuni, mje salama na mama. Miye mtu wa Wete, doriani nimelijua kabla sijaijua skuli. Usiwasikilize watakaokwambia uzibe pua. Ukiziba pua hukula doriani, umekula uji uliopoa. Harufu na utamu wake vimeshikana.

Watu wanakosea kwenye kuanza. Mgeni anashuka botini, mbio sokoni Darajani, ananunua doriani zima, anapanda nalo daladala, anakwenda kulipasua chumbani kwa kisu cha mkate. Ashalichukia kabla hajalionja: kiganja kimechomwa, chumba hakikaliki, na tunda lenyewe pengine halijaiva. Doriani kula pale pale kwa muuzaji, umesimama, upepo unapita. Mwambie alitikise karibu na sikio lako. Ukisikia kokwa zinacheza kidogo ndani, limeshaiva. Kisha nusa kikonyo. Lisilonuka kitu bado; linalonuka kama kilichochacha limeshapita. Muuzaji anayejua halipigi panga ovyo, atageuza chini juu atafute mistari ya ganda, ataingiza ncha ya kisu hapo na kulibenua. Ndani kuna vyumba, kwa kawaida vitano, na nyama imelala humo imezungushia kokwa. Iwe na rangi ya siagi, ukiigusa kijuu chake kinakunjamana kidogo lakini haichuruziki.

Tonge la kwanza ni la pua, usiamue kwa hilo. Amua kwa la tatu. Wataalamu wamelipa jina la pili *zibethinus*, na ukilifuata neno hilo nyuma unafika kwenye zabadi, ile ya paka wa zabadi. Basi tazama, kitu mmoja anakikimbia na mwengine anakitia kwenye manukato.

Mpangilio wangu: siku ya kwanza shokishoki mzoee, ya pili stafeli, ya mwisho doriani. Fenesi acha, utalipata Dar wakati wa kurudi.

BodaWaNtinda
Bibi shikamoo, lakini hapo kwenye fenesi umetuonea. Huku Kampala tunaliita fene, na kuna siku ndilo linalotubeba mpaka jioni. Doriani unakula vipande vitatu umemaliza mshahara. Fenesi moja linalisha nyumba na majirani, ndilo tunda kubwa kuliko yote yanayozaliwa juu ya mti.

Ndugu wa Singida, usumbufu wa fenesi ni mmoja tu, ule utomvu. Paka mafuta ya kula viganjani na kwenye kisu kabla ya kukata. Ukisahau, sabuni haikusaidii, utazunguka siku nzima vidole vimeshikana, itabidi urudi kwenye mafuta hayo hayo. Yako ya aina mbili: la nyama ngumu inayokatika mdomoni, na laini linaloteleza kama kamasi (samahani wanaokula). Mgeni aanze na gumu. Mbegu msitupe. Chemsha na chumvi, menya ngozi nyeupe, unapata kitu karibu na njugu mawe.

Na jamani, fenesi na doriani si ndugu. Watu wanaona miiba wanasema ukoo mmoja. Fenesi liko upande wa mkuyu na forosadi. Doriani liko upande wa mbuyu, pamba na bamia.

MtotoWaSingida
Subiri, doriani ni ndugu wa mbuyu? Basi si mgeni kabisa kwetu.

NesiZamuYaUsiku
Nimekuja kwa ajili ya mama. Kwa kila gramu 100 za nyama, doriani lina takriban kilokalori 147, wanga gramu 27 na mafuta gramu 5. Fenesi ni kama 95 na wanga 23. Stafeli ni 66 na wanga 17. Kwa hiyo doriani msilihesabu kama kitafunwa cha kupitishia muda, hicho ni chakula. Akila kipande, mlo huo wali upungue, na kama ana kipimo chake apime baadaye aone mwili wake umesema nini. Potasiamu nayo ni zaidi ya miligramu 400 kwa gramu 100, kwa hiyo mwenye matatizo ya figo amuulize daktari wake kwanza.

Juisi ya stafeli mtakayouziwa mjini, tatizo halipo kwenye stafeli. Lipo kwenye ile sukari na maziwa ya kopo wanayomiminia. Semeni mapema: bila sukari.

Kiboko_ya_Wote
Mmesahau la muhimu. Doriani ukichanganya na bia unakufa hapo hapo. Jirani yangu aliambiwa.

YakheWaMlandege
Kwa hiyo jirani yako aliambiwa, hakufa.

NesiZamuYaUsiku
Kiboko, kuna chembe ya ukweli humo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, walionyesha maabara kwamba maji ya doriani yanazuia kimeng'enya kinachosafisha mabaki ya pombe mwilini, kwa hadi asilimia 70. Hiyo ni kwenye mirija, si kwa watu waliokula na kunywa. Lakini uso kuwaka moto na moyo kwenda mbio si burudani, mtu asijaribu makusudi.

KakaWaKongowea
Salamu kutoka Mombasa. Naona stafeli mnalipitia kama daladala isiyo na abiria. Hilo ndilo tunda la mgeni muoga! Halina harufu ya kutisha, lina utamu wenye uchachu ndani yake, nyama nyeupe yenye nyuzi kama pamba iliyolowa. Kumenya hakuhitaji kisu, lililoiva linafunguka kwa vidole. Likiwa gumu kama ubao uliache siku mbili tatu ndani ya nyumba. Likianza kuwa jeusi huku ndani ni jeupe, usitupe, kula siku hiyo hiyo.

Muangalie majina tu. Kuna dada yake mdogo, la mabonyebonye. Sie twaita tomoko, nyie wengi mwaita topetope. Nilimwagiza mtu wa Dar tomoko akaniletea kitu kingine kabisa, tukanuniana wiki nzima. Na mbegu za yote mawili ni za kutema, zina sumu. Juisi ichujwe, isisagwe na mbegu ndani.

Kiboko_ya_Wote
Majani ya mstafeli yanatibu saratani lakini.

NesiZamuYaUsiku
Haijathibitishwa kwa binadamu, Kiboko. Na kule kisiwani Guadeloupe watafiti walihusisha ulaji mwingi wa stafeli na chai ya majani yake na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanana na Parkinson. Tunda mara moja moja halina neno. Chai ya majani kila siku kwa miezi, hapana.

Mswahili_Muscat
Mie niko Muscat mwaka wa 14 sasa, asili yangu Malindi ya Unguja. Huku masupamaketi makubwa yanaleta doriani la Thailand, lile la aina ya Monthong, nene, kokwa ndogo, harufu ya adabu. Watoto wangu waliozaliwa huku wanalipenda. Nikiwapeleka nyumbani wakaonja la Unguja wanasema limezidi. Siri moja ni kwamba Thailand wanalikata mtini kabla halijaanguka, wakati Malaysia wanasubiri lidondoke lenyewe. Lililoanguka lina nguvu zaidi na halikai siku nyingi. Kwa anayeanza, la kukatwa ni rahisi. Ila ukishaanza na lile la adabu, hujaonja bado.

Kuhusu kusafiri nalo: Singapore hairuhusiwi kupanda nalo treni za mjini, na hoteli nyingi za huko Asia zimebandika picha yake imepigwa mstari mwekundu. Wenyewe wenye tunda wanalikataza, sembuse basi la Singida.

Beba shokishoki. Majina ya matunda haya mawili yametoka Kimalay: *duri* ni mwiba, *rambut* ni nywele, ndiyo maana huku masokoni shokishoki linaandikwa rambutan. Moja linachoma, jingine linatekenya. Chagua yenye nywele mbichi, ncha zikiwa kijani bado. Nywele zikishakuwa nyeusi na kavu ndani maji yamekwisha. Unalikata ganda kwa kucha katikati, unazungusha, nusu inatoka kama kofia. Kasoro yake ni ile ngozi ngumu ya kokwa, inang'oka na nyama na kubaki kwenye meno.

MtotoWaSingida
Nawashukuru wote. Nakwenda na mpangilio wa Bibi, nitaleta mrejesho.

MtotoWaSingida
Mrejesho, kama nilivyoahidi.

Shokishoki: tulinunua fungu Darajani, tukala tukitembea, mama akiniuliza kama tunaruhusiwa kutupa maganda. Tamu, hazina ugomvi. Nyingine nimezibeba Singida kwenye kikapu na zimefika, ncha tu ndizo zilisinyaa. Watoto wa jirani walidhani ni wadudu.

Stafeli: KakaWaKongowea, una haki. Mimi kwangu ndilo la kwanza. Tuliomba bila sukari, muuzaji akatuangalia kama tumemtukana, lakini akatutilia.

Fenesi hatukufika. BodaWaNtinda nisamehe.

Sasa doriani. Tulikuwa tunatoka mashamba ya viungo kule Kizimbani, tukasimama kwa kijana aliyeyapanga chini ya mti. Elfu kumi, akashuka hadi nane. Akalitikisa sikioni kwangu, kweli kuna kitu kinacheza ndani. Akaligeuza, akatafuta mstari, akabenua. Bibi, mie nilifuata maelekezo yako yote. Tonge la kwanza nikatema. La pili nikalimeza kwa heshima ya hela yangu. La tatu sikufika.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu kimya. Akachukua kipande kwa vidole viwili, akanusa, akanusa tena, akatia mdomoni, akatafuna taratibu akiangalia juu ya mti. Kisha akasema kwa Kinyaturu, nawatafsiria: "Hiki si kitunguu kilicholala stoo kikatiwa sukari?" Akakaa kwenye jiwe akamaliza chumba kizima, nikabaki kumkumbusha mambo ya kisukari kama mimi ndiye mzazi.

NesiZamuYaUsiku
Mama yako kafika walikofika wanasayansi. Mwaka 2017 timu ya Singapore ilisoma jenomu ya doriani, yaani vinasaba vyake vyote, wakakuta vinasaba vya kutengeneza harufu ya salfa vimejirudiarudia. Na ukali wa kitunguu ni salfa hiyo hiyo. Alipima sukari?

MtotoWaSingida
Alipima usiku. Ilipanda kidogo, asubuhi ikarudi. Wali hakula. Ila kaja na kokwa mbili kwenye pindo la kitenge, anataka kuzipanda.

Bibi_wa_Wete
Azifunge kitambaa kibichi upesi, kokwa ya doriani ikikauka imekufa. Lakini mwambie mti huo unataka mvua isiyokwisha, na kwenu mvua naijua kwa redio. Mwambie vilevile mkwe wake ndiyo huyu hapa, akija Pemba halali hotelini.

FundiFriji
Mimi nina swali dogo. Mama alimaliza chumba kimoja. Doriani lina vyumba vitano. Vilivyobaki mliviweka wapi?

MtotoWaSingida
Chumbani kulikuwa na friji ndogo.

Fundi, nakutafuta pembeni.