Mjadala: Nahodha wa manowari ya Kiingereza Petard alikosea kuangusha mabomu katikati ya waogeleaji?

Wakuu, heshima kwenu. Kuna jambo la Vita vya Pili vya Dunia ambalo tukilizungumza nyumbani lazima tugombane, basi leo nalileta kwenu.

Tarehe 12 Februari 1944 msafara wa meli 5 za kubeba askari, uliotoka Kilindini kwenda Colombo, ulikuwa ukipita karibu na visiwa vya Maldivi. Moja ya meli hizo, Khedive Ismail, ilikuwa na watu 1,511, wengi wao vijana wetu wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, safari yao ikiwa ni vita vya Bama (Burma, leo Myanmar). Saa nane na nusu mchana nyambizi ya Kijapani, I-27, ikaitandika topido mbili (mabomu yanayojiendesha majini). Haikumaliza dakika tatu juu ya maji. Walionusurika ni 214.

Nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Manowari ya Waingereza iliyolinda msafara, iitwayo Paladin, ikashusha boti kuwaopoa. Nyingine, Petard, chini ya nahodha Rupert Egan, ikapita palepale ikiangusha mabomu ya kina, yaani yale yanayolipukia chini ya maji. Maji hayabonyei kama hewa. Kishindo kinampiga mtu tumboni na mapafuni, anapasuka ndani kwa ndani.

Mimi nasema Egan hakuwa na njia nyingine wala muda wa kusubiri, na sababu iko kwenye umbo la manowari yenyewe. Petard iliagizwa 1939, ikakamilika 1942: tani 1,540 hivi, mbio zaidi ya noti 36 (kama kilomita 67 kwa saa). Waingereza walikuwa wamechapwa na ndege kule Norway na Dunkirk, kwa hiyo manowari za kundi lake zikapewa mizinga ya inchi 4 inayoelekea angani, badala ya ile mikubwa ya inchi 4.7. Kwa ndege, safi. Kwa nyambizi ni kumpiga kiboko na ufagio. Silaha iliyobaki ni mabomu ya kina, nayo yanaangushwa tezini na kurushwa ubavuni, hayaendi mbele. Lazima upite juu ya shabaha, na siku ile juu ya shabaha palikuwa na watu.

Wanaosema ni ubaguzi, kwamba waliokuwa majini ni weusi tu, wakumbuke kuwa melini mlikuwa pia na mabaharia wa Kiingereza zaidi ya 200 na wauguzi wa kike. Mwenye hoja aje.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, hoja ya mabomu naikubali, ya haraka siikubali. Nyambizi ikiwa chini inatambaa kwa betri, haina mbio. Petard ina noti 36. Ingeshindwa nini kuizunguka huku boti za Paladin zikimaliza kazi?

Mleta mada: Ikae inazunguka mpaka lini, ndugu yangu? Kulikuwa na meli 4 zaidi zimejaa askari, na sona (chombo cha kumsaka adui chini ya maji kwa sauti) ya wakati ule ilikuwa ikimpoteza adui kila mara. Halafu angalia ilivyoibuka. Paladin ilitaka kuigonga kwa omo, ikaishia kuchanwa ubavu na pezi la nyambizi. Mizinga ya manowari zote mbili ikashindwa kuitoboa. Petard ikabidi ifyatue topido mojamoja, na ya saba ndiyo iliyoipata. Saa kumi na moja ilikuwa inakaribia! Ya saba, jamani.

Mchangiaji wa pili: Tusiwafanye wa Petard wachinjaji. Oktoba 1942, karibu na Port Said, walikamata nyambizi U-559 ya Wajerumani ikiwa inazama. Mabaharia wao wawili, Fasson na Grazier, wakaingia ndani usiku kutoa vitabu vya siri, wakazama nayo. Vitabu vile ndivyo vilivyowafungulia Waingereza tena mafumbo ya Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuficha ujumbe. Desemba hiyohiyo wakazamisha nyambizi ya Italia, Uarsciek, wakishirikiana na Wagiriki. Ukiongeza hii ya Japani, wamezamisha za mataifa yote matatu ya adui.

Mchangiaji wa kwanza: Fasson na Grazier waliingia kwa miguu yao, Mungu awarehemu. Wale vijana wa mizinga hakuna aliyewauliza. Ukipita Ngong Road ingia makaburi ya vita ya Nairobi, majina yao yapo kwenye ukuta wa kumbukumbu. Huwezi kujua nani alizama na meli na nani alikuwa bado anaogelea.

Mleta mada: Hapo kweli sina jibu. Ila wengi walikwenda na meli, dakika tatu si muda. Na aliyepeleka meli 5 na kruza (meli kubwa ya kivita) moja kuukuu na manowari mbili tu, mbona humtaji?

Mchangiaji wa kwanza: Huyo namtaja kesho. Leo bado niko na Egan.