Mjadala: Je, usanifu wa ndege unapoua, mtu ashtakiwe?

Mtoa hoja: Wengi huzitaja Comet na DC-10, ndege mbili za abiria zilizoua kwa kasoro za usanifu, kwa pumzi moja, ilhali makosa yake hayafanani. Comet, ndege ya kwanza ya abiria yenye injini za jeti, ilianza kazi mwaka 1952. Mwaka 1954 mbili zilisambaratika juu ya Mediterania, karibu na Elba na Naples. Wataalamu wa Farnborough, kituo cha utafiti wa ndege cha Uingereza, walilazimika kukizamisha kiwiliwili cha ndege ndani ya tangi la maji na kukijaza shinikizo tena na tena, hadi kikapasuka kwa uchovu wa metali, yaani kudhoofika kwa kubanwa na kuachiwa mara nyingi, kwenye kona ya uwazi uliokatwa katika bati lake, ambako mkazo ulikuwa mkubwa kuliko wasanifu walivyokadiria. Hao hawakujua, na sioni jinai hapo.

DC-10 ilikuwa imeonya. Juni 1972, juu ya Windsor, Kanada, mlango wa mizigo ulifyatuka, sakafu ikabonyea na kuharibu nyaya za kuongozea ndege, lakini marubani wakafanikiwa kutua. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, haikutoa amri ya lazima, bali ilikubali mtengenezaji atoe maelekezo ya marekebisho tu. Machi 1974 mlango kama huo ulifyatuka karibu na Paris, wakafa watu 346. Aliyejua akanyamaza alistahili kizimbani.

Mchangiaji: Ndugu mtoa hoja, umesahau tumejuaje kwamba watengenezaji wa DC-10 walijua. Dan Applegate, mhandisi wa Convair, kampuni iliyounda kiwiliwili cha DC-10, aliandika waraka wa onyo majuma mawili tu baada ya Windsor. Ukitanguliza jela, nani ataandika waraka kama huo? Isitoshe, katika suala la 737 MAX, ndege ya Boeing iliyoanguka mara mbili, mtu pekee aliyeshtakiwa kwa jinai alikuwa rubani wa masuala ya kiufundi, naye mahakama ilimwona hana hatia mwaka 2022. Wakubwa hawakufunguliwa mashtaka ya jinai.

Mtoa hoja: Applegate hakunyamaza, kwa hiyo simtafuti yeye, namtafuta aliyeusoma waraka ule akahofia zaidi nani atalipia marekebisho. Na MAX inanipa nguvu zaidi: mfumo wa MCAS, uliosukuma pua ya ndege chini wenyewe, ulitegemea kihisi kimoja, watu 189 wakafa Oktoba 2018, ndege zikaachwa ziendelee kuruka, wakafa 157 wengine Machi 2019. Ukijumlisha unapata 346, idadi ileile ya Paris.