Malimbikizo ya Da Rehema: pensheni au mkopo wa nyumba?

Da Rehema: Asalaam aleykum nyote. Malimbikizo ya mshahara yameingia, shilingi 400,000 baada ya kodi. Mkopo wa nyumba umebaki 3,600,000, riba 14%. Nastaafu baada ya miaka 12. Niziongeze kwenye pensheni au nipunguze deni?

Mjomba Athumani: Waaleykum salaam. Nyumba, mwanangu. Mimi nimestaafu, najua pensheni ya mwezi ilivyo. Deni la uzeeni halikupi usingizi.

Salim: Shikamoo Mjomba. Ila pensheni ina nafuu ya kodi. Hapa Kenya, tangu mwisho wa 2024 mchango wa hadi 30,000 kwa mwezi haukatwi kodi, zamani ilikuwa 20,000. Makato ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, yamo humo humo. Da, unachanga ngapi jumla?

Da Rehema: 18,000 pamoja na NSSF

Salim: Basi una nafasi ya 12,000. Ukiijaza, PAYE, yaani kodi ya mshahara, inashuka 3,600. Yaani mfukoni zinakutoka 8,400, pensheni inapata 12,000, na hapo bado hazijazaa.

Da Rehema: Sasa nitie zote 400,000 huko?

Salim: La! Nafasi yako ya mwaka mzima ni 144,000. Zinazozidi hazina nafuu.

Zuwena: Na riba ya nyumba je? Si nayo ina nafuu?

Salim: Ndiyo, mwisho 360,000 kwa mwaka. Lakini Da analipa riba kama 504,000, kwa hivyo ya juu yake anaibeba mwenyewe. Akipunguza deni kwa 400,000 anaokoa kama 56,000 mwaka wa kwanza. Hakuna mfuko wa pensheni unaoahidi 14%.

Mjomba Athumani: Si nilisema!

Mama: Rehema, za dharura umeweka? Mtoto anaingia chuo Septemba. Pesa ukishawapa benki hawakurudishii.

Da Rehema: Sina akiba nyingine, Mama.

Mama: Basi 100,000 usiiguse.

Mjomba Athumani: Hapo dada yangu kasema kweli.

Salim: Sawa, Mama. 300,000 kwenye deni bado inaokoa kama 42,000. Pensheni ijazwe polepole kutoka kwenye mshahara mpya. Nyongeza yako ni ngapi mkononi?

Da Rehema: Kama 9,000

Salim: Inatosha kabisa 👏🏾

Zuwena: Da, usilipe tu kimya kimya. Andika barua useme pesa zipunguze deni lenyewe, rejesho la mwezi libaki vile vile, muda ndio ufupishwe. Bila barua wanaweza kuzihesabu kama marejesho ya miezi ya mbele, na riba ikabaki pale pale. Uliza pia kama kuna ada ya kulipa mapema. Na upewe ratiba mpya ya marejesho, iwe na muhuri.

Da Rehema: Nitumie mfano wa barua, mdogo wangu. Kesho asubuhi napitia benki, kisha kazini nijaze fomu ya mchango wa hiari.

Zuwena: Naiandika sasa hivi.