Pasi ya kukunja nywele haishiki, sendofu ni Jumamosi. Niongeze moto?

Kokoto_Bunju:
Wakuu habari za usiku. Naomba ushauri wa haraka, na wenye utani leo mnipitie mbali.

Nina pasi ya kukunjia nywele, ile ya fimbo yenye kibanio, upana milimita 25. Nataka mawimbi makubwa ya kushuka mgongoni kwa ajili ya sendofu ya wifi yangu Jumamosi. Nikikunja yanatoka vizuri, baada ya nusu saa yamelala. Nimeweka 190, mashine inafika 230. Swali ni moja tu: nikipandisha hadi 230 yatashika?

FundiSaluni:
Dada, kabla ya moto: nywele za aina gani? Zina dawa? Zimepakwa rangi? Zilikuwa kavu kabisa? Nywele yenye unyevu ukiibana kwenye chuma cha moto maji yanachemkia ndani yake, ndiyo ule mlio wa "chiii" ambao watu wanadhani ni mafuta.

Halafu kinachoshikisha mkunjo si moto, ni kupoa. Moto unalegeza tu. Ukichomoa fimbo usiachie ule mviringo uning'inie. Ubane na kibanio kichwani mpaka ukiugusa uko baridi, ndipo uachie. Mafungu membamba, sekunde nane hadi kumi. Kama zina dawa, anza na 160.

MahindiYaKuchoma:
Mimi keki naoka kwa 180. Anayesindikizwa Jumamosi ni wifi au nywele?

BibiMagomeni:
Nyie mna vitufe vya digrii. Sisi chuma kilikuwa kinalala juu ya jiko la mkaa. Marehemu mama alikuwa anakitoa, anakibana kwenye karatasi ya daftari. Karatasi ikigeuka kahawia, kinasubirishwa. Ikibaki nyeupe, "lete kichwa". Mafuta ya nazi yanachuruzika shingoni, sikio unalikunja mwenyewe kwa kidole na bado linaungua. Nina alama mpaka leo nyuma ya sikio la kushoto. Baadaye ikaja dawa ya kalikiti, tukaacha chuma tukaanza kulowesha foronya za watu.

MzeeBaraza:
Tatizo ni kutoridhika. Mungu amekupa nywele za kipilipili, unazilazimisha ziwe mawimbi ya bahari. Twende kilioni ina ubaya gani? Safi, ya heshima, na haili umeme.

BibiMagomeni:
Mzee, twende kilioni kwenye sendofu? Jina lenyewe hulisikii?

Msomi_Mikocheni:
Kwa faida ya wengi: mambo haya ya koleo la moto yalipata umaarufu Paris miaka ya 1870, kwa msusi Mfaransa Marcel Grateau. Naye alikuwa akipasha kwenye moto. Kwa hiyo Bibi Magomeni na Paris ni ndugu moja.

Kokoto_Bunju:
Asanteni, ila sijajibiwa. Nywele ni za kawaida, ni kavu. Na 210 nimeshajaribu.

FundiSaluni:
Kawaida ya nani? Dada, mimi nashika vichwa tangu 2009. Zako za kuzaliwa nazo zingekuwa zimeshatoa harufu kwa 210 ukaacha mwenyewe. Sema ukweli, ni wigi?

Kokoto_Bunju:
Sawa, ni wigi. Lakini ni nywele za binadamu, lebo imeandikwa. Na si kwamba nimeliharibu. Ni upande wa kushoto tu, karibu na shingo, pameshikana kidogo. Kwa mbali hapaonekani.

MahindiYaKuchoma:
"Pameshikana kidogo." Naweka kambi hapa, nani ana kahawa?

FundiSaluni:
Nywele ya mtu haishikani, inaungua. Fanya hivi: ng'oa uzi mmoja, ushike na kibano juu ya sahani, uwashie kiberiti. Ikitoa harufu ya manyoya ya kuku yanayobabuliwa na kuacha jivu la kupukutika, ni ya binadamu. Ikijikunyata na kuacha kidonge kigumu, ni plastiki.

Kokoto_Bunju:
Nimefanya kwenye kifuniko cha sufuria. Nimechukua nyuzi tatu. Mbili zimeacha vidonge vyeusi, vigumu, ukivibonyeza na ukucha havipasuki. Moja imenuka kuku.

FundiSaluni:
Pole. Limechanganywa. Zipo nywele za plastiki zinazostahimili joto, nyingi wanaandika mwisho 180, lakini si hizo zako kama zimeyeyuka. Palipoyeyuka hapana dawa, panakatwa. Sasa usiguse tena pasi. Zungushia rola, mimina maji ya moto kama tunavyochovya ncha za rasta, acha zikauke na zipoe zenyewe bila kuzigusa. Yatashika hata wiki. Ni wigi lako, kata tu utengeneze leya.

Kokoto_Bunju:
Hapo ndipo penye kazi. Si langu. Ni la wifi, ndiye atakayelivaa Jumamosi. Nilichukua nimtengenezee kama zawadi, saluni walitaka elfu arobaini kulikunja tu. Mchumba wake ndiye aliyelinunua, laki nne na nusu, kwa kuambiwa ni nywele orijino.

Kabla hamjanishambulia: nimeshapata jingine Kariakoo linalofanana, laki na themanini, nimelipa nusu. Nitambadilishia kimyakimya. Nikisema ukweli, mchumba ataonekana amenunua feki siku mbili kabla ya sendofu. Kwa hiyo ninamlinda yeye pia.

MamaNgumi:
Unajilinda wewe, shoga yangu. Mwanamke anayajua mawigi yake kama anavyojua masufuria yake. Mimi dada wa mume wangu aliniunguzia kitenge cha wax kwa pasi ya nguo, akanunua kinachofanana, akanyamaza. Nilijua kabla sijakikunjua. Kitenge nilimsamehe siku ileile. Kule kunyamaza ndiko kunakonichoma mpaka leo, mwaka wa sita huu.

MzeeBaraza:
Ndiyo nikasema twende kilioni.

Mpelelezi_Mstaafu:
Ngojeni kidogo. Nimefungua nyuzi za nyuma za huyu mleta mada. Mwezi uliopita Kokoto_Bunju alikuwa anauliza bei ya gia boksi ya IST, akasema "mimi kama baba wa watoto wawili". Mwaka jana alilalamikia shemeji aliyekuja kukaa wiki akakaa miezi minne, "mdogo wake mke wangu". Leo ana wifi. Wakuu, tangu lini mwanaume akawa na wifi? Hii ni chai, tena ya maziwa.

MahindiYaKuchoma:
Leteni vitafunwa.

Msomi_Mikocheni:
Na mimi nimemletea Marcel bure!

FundiSaluni:
Chai au si chai, ile habari ya vidonge haitungiki na mtu asiyechoma uzi. Watu huwa wanasema "iliyeyuka", basi. Huyu amebonyeza na ukucha.

Kokoto_Bunju:
Si chai. Akaunti ni ya mume wangu, iko wazi kwenye simu yake ya zamani ambayo watoto wanaangalizia katuni. Amelala. Na huyo shemeji aliyekaa miezi minne ni mdogo wangu, alikuwa anatafuta kazi, kwa hiyo hata hilo sikupenda lilivyoandikwa humu. Naomba moderata aufute uzi kabla ya asubuhi.

MamaNgumi:
Subiri. Mumeo ni kaka yake huyo wifi?

Kokoto_Bunju:
Ndiyo.

BibiMagomeni:
Lala mwanangu. Alfajiri mpigie wifi yako kabla kaka yake hajaamka. Umwambie wewe, kwa mdomo wako, wigi ukiwa nalo mkononi.

Kokoto_Bunju:
Wakuu habari za asubuhi. Mimi ndiye mwenye akaunti. Nimeamka nakuta arifa 43, nikadhani gari limeibiwa. Nimesoma uzi wote nikiwa chooni. Mke wangu yuko jikoni, ananipikia chapati siku ya Alhamisi.

Mpelelezi_Mstaafu:
Chai inaendelea, sasa na chapati.

FundiSaluni:
Mkuu, rola ukubwa wa kati, maji yasiwe yanatokota. Kama wigi liko hapo, nitumie picha ya palipoyeyuka.

MahindiYaKuchoma:
Mkuu, ile gia boksi ya IST ulipata?

Kokoto_Bunju:
Hela yake ndiyo nusu ya wigi la Kariakoo.