Naomba ushauri: riwaya yangu ya msichana wa promta imekwama sura ya tisa

BintiBombo

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Niko Bombo, Uganda. Naandika riwaya ya vijana kwa Kiswahili (ndiyo, Uganda, kwa Kiswahili, msinicheke) na huu mwezi wa pili sura ya tisa haisogei. Nawapa hadithi kwa ufupi, kisha mnichambue bila kunionea haya.

Mhusika ni Zaina, Mnubi (kizazi cha askari wa Kisudani wa zamani, wengi wako hapa Bombo), miaka 16. Amemaliza S.4 (kidato cha nne), yuko nyumbani anangoja matokeo. Mama yake anasuka vikapu vya kuuza. Mjomba wake anatunza jenereta katika kituo kimoja cha televisheni Kampala, kituo cha kubuni, na anamtafutia kibarua cha kuchemsha chai na kusambaza karatasi. Wiki ya pili kijana wa promta anaacha kazi bila kuaga. Taarifa ya Kiswahili imekaribia, na mle ndani hakuna anayeweza kufuata Kiswahili kwa kasi ya msomaji isipokuwa huyu mpika chai. Anakalishwa kwenye kiti.

Kwa msioijua promta: chini ya lenzi kuna skrini iliyolazwa chali, na juu yake kioo kimeinamishwa mshazari. Maandishi yanapanda kutoka kwenye skrini, yanagonga kioo, msomaji anayaona huku macho yake yakiwa kwako wewe uliyeko nyumbani. Kamera iko nyuma ya kioo, imezungushiwa kitambaa cheusi, yenyewe haioni herufi hata moja. Kwa kuwa kioo kinageuza, pale chini maandishi lazima yawe yamegeuzwa tayari. Siku yangu ya kwanza niliinama nikaliona neno HABARI limekaa kama shati lililovaliwa ndani nje. Nikadhani mashine imeharibika, nikakimbia kumwita fundi. Nilichekwa wiki nzima.

Ndiyo, kiti hicho nilikikalia mwenyewe likizo ya S.6. Kituo sikitaji. Niliahidiwa nauli, nikaishia kulipwa soda na roleksi miezi minne. (Ndugu wa pwani, roleksi kwetu ni chapati iliyoviringwa na mayai. Saa ya mkononi ningeiuza.)

Sasa tatizo. Rafiki yangu aliyesoma rasimu anataka mwisho huu: msomaji anaugua ghafla, Zaina anaruka mbele ya kamera, nchi nzima inampenda. Anasema vijana wanataka nyota. Mimi kila nikiuandika mkono unakataa, lakini mwisho mwingine sina. La pili, studio za Kampala zinaongea Kiluganda na Kiingereza. Nikiwafanya wote waongee Kiswahili fasaha, Mganda atakayesoma ataguna. La tatu, usiku Zaina anarudije Bombo?

Karibuni.

KameraMbili

Dada, nimeshika kamera studio za Kampala miaka kumi na moja. Mwisho wa rafiki yako hautokei. Msomaji akiugua anaitwa msomaji mwingine, na akikosekana, mhariri anavaa koti la kuazima na kukaa yeye. Mpika chai hafiki kwenye kile kiti hata studio ikiungua.

Lakini hujaona ulichonacho. Mtu wa promta ndiye pekee mle ndani anayepumua pamoja na msomaji. Watu wa nje wanadhani msomaji anaifuata mashine. Ni kinyume! Mkono wako ndio unaomfuata yeye. Akikohoa unasimama, akikimbia unakimbia, na mstari anaousoma unauweka palepale katikati ya kioo, usipande wala kushuka, kwa sababu macho yakianza kutembea mtazamaji anayaona. Nimewahi kuona mtu wa promta aliyekosana na msomaji. Hakufanya lolote la kushtakiwa. Alikuwa anachelewa kidogo tu, nusu mstari. Msomaji alitoka hewani shati limelowa mgongoni.

Jingine: karatasi wanazoshika wasomaji si pambo. Promta ikiganda, msomaji anateremsha macho na kuendelea. Kwa hiyo mzuri wa kazi anafunua karatasi zake kila habari inapobadilika hata kama hazitazami. Mvivu anaziacha pale pale ukurasa wa kwanza, na siku mashine ikiganda ndipo utamjua. Hapo una sura nzima ya bure.

KijanaS5

Mimi ni huyo kijana mnayemsemea, nina miaka 17. Akiwa nyota nafunga kitabu. Hadithi hiyo tunaijua kabla haijaanza. Ninachotaka kujua: analipwa ngapi? Na mama yake anaambiwa ukweli kuhusu hiyo hela au anadanganywa?

WakiliJinja

Mwandishi, hapa kuna jambo la sheria ambalo ningekuwa wewe ningelitumia. Sheria yetu ya Watoto ilirekebishwa mwaka 2016 na umri wa chini wa kuajiriwa ukawekwa miaka 16. Kwa hiyo Zaina amevuka, ila amevuka kwa unywele. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamhesabu mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18, na inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa moja jioni na saa moja asubuhi.

Soma hapo tena. Saa moja jioni! Televisheni inaamka saa ambayo sheria inamtaka Zaina awe ameshaondoka.

Ushauri wangu: weka taarifa ya Kiswahili saa kumi na mbili na robo, nusu saa tu. Anamaliza, anachukua mkoba, yuko ndani ya sheria na taksi za Bombo (daladala zetu) bado zinaitisha abiria. Kisha siku moja bosi anamwambia, "Binti, bakia na ya saa tatu, mwenzako hayupo." Kwa tabasamu, bila kumlazimisha. Mgogoro wako ndio huo, na suala la namna ya kurudi nyumbani linapata uzito wake hapo hapo. Mjomba naye atasema nini? Yeye ndiye aliyemleta.

MzukaWaLugogo

Kwa nini usiiweke mwaka 2020? Shule zilifungwa Machi ile, zikafunguka kikamilifu Januari 2022. Masomo yakawa kwenye redio na TV, kafyu ya saa moja jioni, boda haziruhusiwi kubeba abiria. Zaina anazungusha masomo ya darasa ambalo yeye mwenyewe angekuwa anakaa! Na kwao hakuna TV!

BintiBombo

Mzuka, umenipa kitabu kingine kizima, nitakiandika nikizeeka. Hiki nakiacha kwenye likizo ya kawaida. Kafyu ingemrudisha nyumbani kwa amri ya serikali, nami nataka arudi au abaki kwa uamuzi wake.

Wakili, asante mno. Nilikuwa nimeweka taarifa saa moja na nusu, yaani mhusika wangu alikuwa anavunja sheria tangu sura ya tatu na mwandishi hana habari.

MamaSakinaBusia

Mwanangu BintiBombo, hongera. Mimi ni mwalimu, Kiswahili nimekifundisha mpakani hapa Busia miaka mingi. Nijibu hilo la lugha, maana naona wenzangu wamelikwepa.

Usiwageuze Waganda wa studio kuwa watu wa Lamu. Waache waongee chao, wewe utuambie kwamba wanaongea Kiluganda, na uache maneno machache yabaki yalivyo: ssebo (bwana), nnyabo (bibi), webale (asante). Msomaji wa Dar atayaelewa kwa mahali yalipokaa. Kiswahili kiwe cha nani? Cha Zaina, cha mjomba wake, cha askari wa getini, na cha kwenye kioo. Hapo utapata Kiswahili cha aina mbili kinachogombana, kile cha taarifa kilichopigwa pasi na kile cha Bombo ambacho ngeli zake zinatembea peku.

Na usiogope kugusa kidonda. Wewe ni wa Bombo, unajua kuliko mimi. Wazee wengi wa Buganda wakisikia Kiswahili bado wanasikia askari kwenye kizuizi cha barabarani, ile miaka ya 1970 na 1980. Wanubi nao, waliohesabiwa kuwa watu wa Amin, wana yao: Amin alipoanguka 1979 wengi walikimbia na kuacha nyumba. Kwa hiyo msichana huyu amekua akiambiwa asiongee Kiswahili ndani ya taksi. Halafu lugha ileile aliyofundishwa kuimeza ndiyo inayomkalisha kwenye kiti. Bibi yake ataionaje siku akiisikia inatoka kwenye televisheni, imenyooka, ina adabu, haimwambii mtu alale chini?

Hao wanaosema Uganda hakuna msomaji wa Kiswahili wamepitwa. Katiba imekitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, mtaala mpya wa sekondari ya chini wa 2020 umekiweka S.1, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaelekeza kifundishwe kwa lazima. Watoto ninao darasani. Vitabu vya hadithi vya kwao, vyenye Kampala na taksi na matoke, ndivyo sina.

MzeeWaChumbageni

Marahaba binti. Niko Tanga, nimestaafu. Nilikuwa mhariri wa habari redioni, nami niongeze moja dogo ambalo pengine si dogo.

Tarakimu. Waandishi wavivu huandika "watu 22", "magunia 342", "miti 18". Kwa Kiingereza haina neno, namba ni namba. Kwa Kiswahili msomaji akifika kwenye 22 lazima akumbuke anahesabu nini: watu ishirini na wawili, magunia mia tatu arobaini na mawili, miti kumi na minane. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane zinavaa ngeli. Sita, saba, tisa na kumi zinakaa zilivyo. Msomaji ana nusu sekunde, na taa nyekundu inawaka. Nimewasikia watu wazima, wenye majina, wakitumbukia kwenye shimo la nane.

Mtu wa promta mwenye akili anaziandika kwa maneno kabla taarifa haijaanza. Hakuna atakayemshukuru, maana kosa ambalo halikutokea halionekani.

BintiBombo

Mzee wangu, nimesoma hilo nikasimama, nikazunguka nyumba mara mbili.

KalamuTupu

Nikijibu ambalo hukuuliza: ukimaliza, tazama tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, inapokea miswada ambayo haijachapishwa. Na kama hujawahi, panda Kamwokya, Barabara ya Kira, pale FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda. Wamekuwa wakikaa kusomeana kazi siku za Jumatatu. Wengi wanaandika Kiingereza, lakini sikio la hadithi ni sikio.

KameraMbili

Na tafadhali ondoa hiyo "studio yenye mwanga mkali na msisimko" niliyoiona kwenye kipande ulichobandika kule mwanzo wa mwezi. Studio ni baridi. Kiyoyozi kinapiga kwa ajili ya taa na mashine, si kwa ajili ya watu. Zaina avae sweta la shule.

BintiBombo

Sweta la shule limeingia. Nauweka hapa mwanzo mpya wa sura ya tisa, mniambie:

*Karatasi zilikuja saa kumi na moja na nusu, bado zina joto la mashine. Zaina akavuta kibodi. Mvua ya usiku imebomoa nyumba 15 na madaraja 2, na kusomba miche 3,008 ya kahawa. Akafuta 15, akaandika kumi na tano. Akafuta 2, akaandika mawili. Kwenye miche alisita, akatazama dari, akamsikia bibi yake akihesabu vikapu barazani, kisha akaandika elfu tatu na nane. Nyuma yake Bi Nakato alikuwa anapakwa poda. "Unafanya nini na taarifa yangu?" aliuliza kwa Kiluganda. "Nafuta vumbi, nnyabo," Zaina akajibu, naye kwa Kiluganda.*

Mwisho wa kitabu Zaina haonekani kwenye skrini hata mara moja. Nimeamua. Bibi yake anakaa mbele ya TV ya jirani na anachokiona ni macho ya Bi Nakato tu, yametulia.

MamaSakinaBusia

"Nafuta vumbi." Haya, endelea, usituulize tena.

MzeeWaChumbageni

Ni miche elfu tatu na *minane*, binti. Au umemkosesha makusudi?

BintiBombo

Haikuwa makusudi, mzee wangu. Lakini nitaiacha, na Bi Nakato atairekebisha akiwa hewani, bila kupepesa. Zaina atajua kuwa huyu mama naye anazihesabu.

KijanaS5

Bado hujasema analipwa ngapi.